Bagamoyo: Mji wa Mawe na Watu Waliolala Nje Yake

Wageni wengi wanaokwenda Bagamoyo huanza na majengo makubwa, yaani Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani na mnara wa kanisa la misheni, na wakishapiga picha huona wamemaliza. Mimi kila anayeniuliza humshauri aanzie ufukweni, karibu na soko la samaki, tena wakati maji yamekupwa, kwa sababu ufuko huo ndio unaoeleza kwa nini mji ulikua mahali hapa na kwa nini baadaye ulififia. Bahari ya Bagamoyo ni ya kina kifupi, na mchanga wake huteremka taratibu mno, hata siku za bamvua unaona vyombo vimelala ubavu huku maji yenyewe yakiwa mbali. Kwa jahazi hilo si tatizo hata kidogo: chombo huingia na maji kujaa, hukaa juu ya mchanga yakikupwa, wachukuzi wakakifuata kwa miguu na kupakua shehena mabegani, kisha maji yakirudi huelea na kuondoka zake. Hakuhitajiwi gati. Ng'ambo iko Unguja, safari ya saa chache kwa tanga upepo ukiwa mwema, na nyuma ya mji, kuelekea magharibi, ndiko ilikoanzia njia ya bara.

Bandari ya namna hiyo ndiyo iliyotakiwa katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said, Sultani wa Omani, kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati mnamo mwaka 1840. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja walitoa mali kwa mkopo, Waarabu na Waswahili wakaipeleka bara, na Bagamoyo ikawa mlango wa njia iliyopita Tabora mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Zilizopanda bara zilikuwa nguo za merikani, zilizofumwa kweli huko Marekani, pamoja na kaniki za India, ushanga na masango ya shaba. Zilizoshuka zilikuwa hasa pembe za ndovu. Sandarusi nayo, yaani utomvu wa miti ulioganda, ambayo Wazaramo waliichimba ardhini katika nchi iliyo nyuma ya pwani, ilipita hapahapa ikielekea kwa watengeneza vanishi wa Ulaya na Marekani. Ada za misafara zililipwa kwa majumbe, yaani viongozi, wa Kishomvi, watu ambao asili yao ni mji wa kale wa Kaole, kilomita chache kusini, nao walilazimika kugawana mapato hayo na Wazaramo, kwa kuwa bila ridhaa ya Wazaramo hapakuwa na msafara wa kupita.

Mali yote hiyo ilibebwa na binadamu. Mbung'o waliwaua ng'ombe na punda njiani, kwa hiyo kila mtumba wa nguo na kila pembe ilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu, na mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi, mbali na chakula chake, kitanga chake na sufuria yake. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, na walikuwa watu huru, waliopatana ujira na kujua thamani ya kazi yao, ambao waligoma au waliondoka usiku tajiri alipovunja mapatano. Walishuka pwani kwa maelfu kwa majira yao, wakafika wakiwa wengi kuliko wenyeji, wakajenga vibanda vya nyasi pembezoni mwa mji na kukaa humo wiki kadhaa wakisubiri mizigo ya kurudi nayo. Hakuna kibanda hata kimoja kilichobaki. Mawe tunayoyaita Mji Mkongwe yalijengwa na wachache waliokuwa na mtaji wa chokaa na mafundi. Sehemu kubwa ya Bagamoyo ya wakati huo ilikuwa ya udongo, fito na makuti, na ng'ambo ya hapo kulikuwa na hao waliolala uwanjani. Kwa hiyo ninapotembea Mtaa wa India huwa najilazimisha kuuliza, mbele ya kila nyumba, ni mabega ya nani yaliyoilipia.

Mtaa wa India unakwenda sambamba na pwani, kutoka upande wa Ngome Kongwe kuelekea kaskazini, na ndio uti wa mgongo wa Mji Mkongwe. Ni mtaa mtulivu, pengine mtulivu kupita kiasi. Nyumba zake ni za mtindo mmoja kwa jumla: duka chini, makazi juu, roshani ya mbao inayotazama njia, na baraza ya mawe mbele ambapo watu hukaa jioni. Nyingine zimekarabatiwa zikawa nyumba za wageni au maduka ya michoro ya tingatinga. Nyingine zimebaki kuta nne na mpapai uliojiotea sebuleni. Mbele ya moja iliyo katikati ya hali hizo mbili, yaani bado ina paa lakini ghorofa yake haikanyagiki tena, nilimkuta bibi mmoja ameketi barazani akichambua mchele. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanisogezea mkeka. Nilipomuuliza kwa nini nyumba nzuri namna ile haitengenezwi, alicheka akasema, "Nyumba hii, mwanangu, ina warithi wengi kuliko vyumba." Wengine wako Dar es Salaam, wengine Unguja, wengine Uarabuni, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze kutoa fedha. Nadhani mirathi isiyogawanywa imebomoa nyumba nyingi za mwambao wetu kuliko mvua, ingawa mvua ndiyo inayolaumiwa.

Milango ndiyo inayowasimamisha watalii, na si bure. Ukikaribia mmoja uliosalimika utaona miimo miwili iliyochongwa nakshi kutoka juu mpaka chini, kizingiti cha juu chenye maua, na katikati, pale mbao mbili zinapokutana, kile kipande cha wima kinachoitwa mfaa, ambacho mara nyingi ndicho kilichochongwa kwa ustadi kuliko vyote. Ubao wa kulia hufunguliwa, ubao wa kushoto hubaki umefungwa mpaka kuwe na jambo kubwa. Baadhi ya milango ina njumu za shaba, mtindo uliotoka India. Waongozaji wengi hukuonyesha mnyororo uliochongwa pembeni mwa mlango na kukuambia kwamba mwenye nyumba aliuza watumwa. Sijawahi kushawishika na maelezo hayo, kwa sababu mnyororo huohuo uko kwenye milango ya watu wa kila namna kuanzia Lamu hadi Unguja, na wapo wanaousoma kama kinga tu ya nyumba dhidi ya husuda na mabaya. Mtu aliyekuwa na watumwa hakuhitaji kulitangaza mlangoni. Kila mtu mjini alilijua.

Kuta zenyewe zinastahili kusomwa kwa makini kuliko milango, ingawa hakuna anayezipiga picha. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuu la magogo, kisha unga wake ukamwagiwa maji na kuachwa muda mrefu upoe kabla ya kutumiwa. Dari na sakafu za ghorofa zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni ngumu na hustahimili mchwa kuliko miti mingi, lakini haipatikani ndefu, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba kama vichochoro: upana wa chumba uliamuliwa na msitu wa mikoko ulioko kwenye mdomo wa mto Ruvu, si na fundi wala tajiri.

Nilibahatika kumkuta fundi mzee akipiga lipu ukuta mmoja wa nyuma, na mbele yake kulikuwa na sehemu iliyokuwa imetengenezwa zamani kwa saruji. Aliigonga kwa mpini wa mwiko ikatoa sauti ya kitu kilicho tupu ndani. Kisha akaingiza ncha ya mwiko kwenye ufa, akaibandua saruji ikatoka bamba zima, na nyuma yake chokaa ya kale ilikuwa imegeuka unga mbichi, wenye chumvi, unaoshuka wenyewe ukiugusa kwa kidole. Alinieleza kwamba ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na hewani, na kazi ya lipu ya chokaa ni kuyaruhusu yatoke. Ukiufunika kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani na kuula ukuta kimyakimya, huku nje unaonekana imara. Wenye nyumba huchagua saruji kwa sababu ni rahisi, hukauka upesi na inapatikana duka lolote. Chokaa inataka subira, na mafundi wanaoijua wanapungua. Niliangalia tena nyumba kadhaa ambazo dakika chache kabla niliziona zimetengenezwa vizuri, nikaziona kwa jicho jingine.

Ngome Kongwe, iliyo upande wa kusini, ilianza kama nyumba ya mfanyabiashara wa Kiarabu karibu na mwaka 1860, Sultani Barghash wa Unguja akaiimarisha, kisha Wajerumani wakaifanya kambi, na baada yao ikatumika kuwa gereza. Hapa ndipo utakaposimuliwa kwa urefu habari za watumwa waliofungwa ndani na kupitishwa njia ya chini kwa chini mpaka majahazini. Ninaisikiliza hadithi hiyo kwa heshima, lakini nina neno la kusema. Utumwa ulikuwapo Bagamoyo, na ulikuwa mkubwa: watumwa walilima mashamba ya minazi, walihudumu majumbani, na wengi walipitishwa hapa kwenda Unguja mpaka Barghash alipolazimishwa na Waingereza mwaka 1873 kutia saini mkataba uliopiga marufuku kuwasafirisha baharini. Hata hivyo bandari kuu ya kusafirisha watumwa katika pwani hii ilikuwa Kilwa, ambayo ilipokea watu kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Bagamoyo ilikuwa kwanza kabisa bandari ya pembe na ya wapagazi wa kulipwa. Mji ukielezwa kwa minyororo peke yake, yule Mnyamwezi aliyeshuka kwa hiari yake, akajadili ujira wake na kurudi kwao na nguo za kuolea, anafutwa kabisa katika historia, na mtoto wa shule anaondoka akiamini kwamba kila Mwafrika aliyekanyaga mchanga huu alikuwa amefungwa.

Mwaka 1888 Sultani aliikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani, na maofisa wake walipokuja kupandisha bendera yao na kudai ushuru, mwambao uliwaka. Abushiri bin Salim aliongoza vita kuanzia Pangani, Bagamoyo ikashambuliwa, ikapigwa mizinga kutoka manowari, na wakimbizi wakajaa katika uwanja wa misheni. Hermann von Wissmann, ofisa wa Kijerumani, aliletwa pamoja na jeshi la kukodi. Abushiri alinyongwa Pangani mnamo Desemba 1889. Ule mnara mfupi wa mviringo, wenye matundu ya bunduki, unaouona upande wa Dunda ni wa mwaka huohuo, uliojengwa kulinda njia ya misafara, na makaburi ya askari wa Kijerumani yako jirani na pwani, yametunzwa vizuri. Waliokufa upande wa pili hawana makaburi yenye majina. Mwezi huohuo wa Desemba, katika karamu ya kumpokea mpelelezi Stanley kutoka bara, Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, alitoka dirishani akidhani ni roshani, akaanguka na kuumia vibaya, baada ya kunusurika miaka mingi ya hatari huko Ikweta. Ni kisa ambacho waongozaji hawakiachi, nami pia nimeshindwa kukiacha.

Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kwa muda mfupi tu. Mwaka 1891 serikali ilihamia Dar es Salaam, na sababu yake ni ileile niliyoitaja mwanzo: meli za mvuke hazikuweza kusogea ufukoni, wakati Dar es Salaam ilikuwa na bandari ya asili yenye kina na kinga. Kwa hiyo Boma, lile jengo kubwa la ghorofa moja lenye matao, lililokamilika mwaka 1897, halikuwa kamwe ikulu ya gavana kama unavyoweza kuambiwa. Lilikuwa ofisi ya wilaya katika mji ambao ulikuwa umekwisha kupokonywa cheo. Sehemu yake ilianguka mwaka 1998 baada ya mvua za El Nino. Kisha reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kazi ya mpagazi ikaisha.

Mtu mmoja wa zama hizo ambaye mgeni anapaswa kumjua ni Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kiismailia ambaye aliuzia misafara bidhaa na kuitafutia wapagazi, na kwa njia hiyo akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani. Mwaka 1896 alijenga shule ya ghorofa hapa Bagamoyo akaikabidhi kwa serikali kwa sharti kwamba watoto wa jamii zote wasome humo, na fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya Dar es Salaam iliyoitwa kwa jina lake, ambalo hata leo limebaki katika hospitali ya Muhimbili. Alifariki mwaka 1897. Namheshimu kwa aliyoyatoa, lakini siachi kukumbuka kwamba faida ile ilihesabiwa kwa kichwa cha mpagazi, mzigo baada ya mzigo.

Karavansarai, jengo lenye ua wa wazi katikati, ndiko wanakoonyesha leo habari za misafara. Makumbusho yake ni madogo, na kama huna muongozaji utayamaliza upesi. Ninachokipenda pale ni huo ua wenyewe: ukisimama katikati yake unaelewa kwamba mahali hapa palikuwa pa kuhifadhi mali chini ya kufuli, na kwamba nyasi zilizoko nje ya ukuta ndizo zilizokuwa malazi ya watu.

Kutoka hapo kwenda misheni ni mwendo wa kutosha kwa miguu, na bodaboda zipo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakanunua watumwa ili kuwaacha huru na kuanzisha kijiji cha ukristo. Njia ya kuingilia ina miembe mikubwa pande zote mbili, na kuna mbuyu uliomeza mnyororo ambao, kwa masimulizi, mhudumu mmoja wa Kifaransa alimfungia punda wake. Lakini kinachowaleta wengi ni mnara wa kanisa la kale, ambamo mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, ulilazwa usiku mmoja mwezi Februari mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Mnara unaitwa kwa jina lake. Walioubeba mwili huo kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, walikuwa wapagazi na watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, pamoja na wanawake kama Halima aliyekuwa mpishi wa msafara. Waliukausha, wakaufunga kwa magome ya mti na turubai ukafanana na mtumba wa nguo, kwa sababu mtumba wa nguo ulikuwa kitu pekee ambacho kila kijiji njiani kilikizoea na kukiacha kipite. Walitembea miezi mingi, wengine wakafia njiani. Walipofika pwani walipokonywa mzigo wao na kuachwa wajitegemee. Susi na Chuma walikuja kuitwa Uingereza baadaye, maziko ya Westminster yakiwa yamekwisha.

Si wote walioshuka na njia ile waliorudi bara, wala si wote waliosahauliwa. Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kama Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alikua katika nyumba ya liwali, yaani mtawala wa mji kwa niaba ya Sultani, akasoma, akafanya biashara na kupata mashamba, kisha akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Kadiria, jumuiya ya Kisufi, ambaye wafuasi wake walienea mwambao na bara, na Maulidi ya Bagamoyo yakawa yakivuta mahujaji kutoka miji ya mbali. Waingereza walipoingia walimfanya liwali, cheo kilekile cha bwana wake wa zamani. Alifariki mwaka 1931. Matembezi ya kawaida ya Mji Mkongwe hayamfikii, kwa kuwa hakuna jengo maarufu la kusimama mbele yake ukapigwa picha; inabidi uulize mwenyewe, na msikitini au barazani wapo wazee wanaoijua habari yake vizuri kuliko kibao chochote.